Mti wa Shule Ulipofika Bondeni

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nimechimba visima Singida kwenye miamba ambayo wanaume waliikimbia. Nimelala kwenye hema porini Kigoma, mashine imenasa chini ya ardhi na mwenye kazi anapiga simu kututukana, na asubuhi nikaitoa. Nimesimama mbele ya wakaguzi waliovaa viatu visivyojua tope, nikawajibu mpaka wakaishiwa maswali. Katika kijiji chetu cha upande wa Usevya, mimi ndiye mwanamke wa kwanza kurudi nyumbani na diploma, diploma ya ufundi wa maji, niliyoisomea jioni huku mchana nikibeba mabomba. Hakuna mjomba aliyenilipia. Hakuna mume aliyenishika mkono. Gari langu, mashine yangu ya kuchimbia, na nyumba niliyomjengea mama yenye bati la rangi ya damu ya mzee, vyote vimetoka kwenye mikono hii.

Kwa hiyo mtu kama mimi akisema anaogopa maua, ni vizuri asikilizwe.

Ni maua ya njano. Yanatoka mvua zikianza kupungua, mashada kwa mashada, yamesimama juu ya matawi kama yamewashwa. Wageni wanaopita kuelekea Sitalike husimamisha magari wapige picha. Mmoja aliniambia tunaishi peponi. Nilikuwa napima kwa macho ni kiasi gani yamesogea tangu mwaka uliopita.

Mti wenyewe ni ndugu wa mjohoro, ila maua yake ni makubwa zaidi na haraka yake ni ya mwizi. Kwetu tunauita mti wa shule, kwa sababu ulitokea shuleni. Nilipokuwa darasa la tatu ililetwa miche kwenye viriba vyeusi, kila mtoto akapewa wa kwake apeleke nyumbani akapande. Tuliambiwa unakua upesi, una kivuli, una kuni, na ng'ombe hawauli. Yote hayo yalikuwa kweli, na ndiyo ubaya wake. Mche wangu ulikauka kwa sababu nilisahau kuumwagilia, na mama alinichapa kwa uvivu. Leo ule mche uliokauka najivunia karibu sawa na diploma.

Nyumbani kwetu kuna mteremko mrefu unaoshuka mpaka bondeni, kwenye majaruba ya mpunga. Nilipokuwa mtoto mteremko ule ulikuwa wazi. Kulikuwa na nyasi, vichuguu, na miti ya asili iliyoachiana nafasi kama watu wanaoheshimiana. Ukisimama uani ulimwona kila mtu aliye bondeni, na ulimjua kwa kilemba chake. Wanyama walikuwepo, maana hifadhi haiko mbali. Tembo walipita, fisi walipita, nyati walishuka kunywa maji kiangazi. Lakini mnyama alionekana kabla hajafika. Mtu alikuwa na muda wa kuchagua pa kukimbilia.

Na kulikuwa na kuitana. Mpunga ukianza kutoa masuke, wanawake walishuka alfajiri kwenda kuamia ndege, kuwafukuza wasile punje, kila mmoja kwenye jaruba lake, wengine mbali kiasi cha kuonekana kama vifaranga. Ukiwachelewa kweleakwelea asubuhi moja tu, umelima kwa ajili yao. Jua likishachomoza, aliyebaki kwenye nyumba ya juu kabisa, ambayo ni yetu, alisimama uani na kuita kwa sauti ndefu: "Mpooo?" Wa karibu aliitika, "Tupooo," wa pili akapokea, kisha wa tatu, sauti ikaenda hivyo hivyo hadi kwenye matete ya mwisho. Asiyeitika aliitwa tena kwa nguvu zaidi. Akikaa kimya na mara hiyo, watu waliacha ndege wale wanachotaka, wakaenda kumtazama. Kuna mama aliwahi kukutwa ameumwa na nyoka, hawezi kufungua mdomo, akapona kwa sababu ya kule kuitana. Hatukuiita mila. Ilikuwa kazi, kama kupepeta. Sisi watoto tulifundishwa jambo moja tu, kwamba mtu asipoitika, uongeze sauti.

Nikaondoka. Nilirudi kwa misiba na sikukuu, siku chache chache, mara nyingi kiangazi, na kila mara nilikuwa na haraka ya kuonekana nimefanikiwa. Siku niliyorudi kuishi moja kwa moja, nikiendesha gari langu mwenyewe kutoka Mpanda, nilipita nyumbani kwetu bila kujua. Nilikwenda mbele, nikaona nimepotea, nikageuza, nikapita tena. Kijana wa bodaboda ndiye aliyeninyooshea kidole. Pale palipokuwa na njia ya kuingilia kwetu palikuwa na ukuta wa kijani, na juu yake njano.

Mama alitoka kunipokea akiwa anacheka. Akalizunguka gari, akaligonga mlango kama anayechagua tikitimaji.

"Linanguruma kama kiboko," alisema. "Nililisikia likienda, likarudi, likaenda. Nikasema huyu ni mwanangu anatuonyesha gari."

"Sikupaona, mama. Mbona mmejificha?"

"Hatujajificha. Tumefichwa."

Alisema kwa utani, lakini nilipozunguka nyuma ya nyumba niliona si utani. Mteremko haukuwepo. Nilisimama mahali nilipokuwa nikisimama kuita, na mbele yangu, karibu kiasi cha kutupa jiwe kwa mkono wa kushoto, ilianza miti ya shule. Bonde halikuonekana kabisa. Kilichoonekana ni vilele vya njano mpaka mwisho wa macho, na juu yake mbingu. Nikauliza wale wanawake wengine wako wapi. Mama akanitajia mmoja mmoja: huyu alihamia kwa mwanawe Mpanda, huyu alifariki, hawa waliacha majaruba baada ya ndama wao kuliwa mchana kweupe hapo hapo karibu na njia. Bondeni alikuwa amebaki yeye peke yake. Njia yake ilikuwa tundu lililotobolewa kwenye ule msitu, upana wa mtu mmoja mwenye jembe begani.

Nilimuuliza jinsi anavyopita humo. Alinionyesha mfuniko wa sufuria na kijiti. Anapita akigonga, alisema, ili kila aliyemo ajue kuna mwenye njia.

Nilifikiri, kama mtu aliyesoma, kwamba tatizo lina dawa. Nikamfuata baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa na hapendi kukumbushwa kwamba nilimzidi darasa. Kumbe wao walishajaribu. Miaka michache kabla sijarudi, baba mdogo alikusanya vijana na wazee, ikapikwa pombe, akachinjwa mbuzi, wakaushambulia mteremko wote kwa mashoka. Waliukata kama tunavyokata siku zote tunapofungua shamba jipya. Mtu anasimama wima, anakata mti usawa wa kiuno, anarundika matawi kwenye kisiki na kuchoma moto. Kwa miti ya kwetu inatosha. Kisiki kinanuna, hakichipui upesi, majivu yanalisha mahindi, na miaka kadhaa unalima kuzunguka visiki bila ugomvi. Hivyo walifanya babu zetu na babu zao.

Mti wa shule haukununa. Mvua ya kwanza iliponyesha, kila kisiki kilitoa kichwa cha machipukizi, na chini, pale moto ulipopita na kupasua maganda ya mbegu, ardhi iliota miche kama nywele. Kabla ya kukata, mtu aliweza kutembea kati ya mashina. Baada ya kukata, matawi yalianzia kiunoni na yakafumwa pamoja. Mnyama akilala humo humwoni mpaka umkanyage mkia.

Mimi nilijua la kufanya, na sikuona sababu ya kujifanya sijui. Nilishaliona kwenye eneo la mradi mmoja wa maji huko magharibi, walikokuwa wanahangaika na mti huo huo. Hukati. Unamenya gamba lote kuzunguka shina, kutoka kifuani mpaka kwenye udongo, hadi mwanzo wa mizizi, kisha unauacha usimame ufe kwa njaa. Miche midogo unaing'oa kwa mkono udongo ukiwa na maji. Nilinunua mapanga Mpanda, nikaajiri watu, na nikaanza mwenyewe, kwenye safu ya kwanza nyuma ya nyumba.

Baba mdogo alikuja kutazama, mikono nyuma.

"Kwa hiyo msomi wetu amekuja kuivua miti nguo," alisema.

"Ndiyo, baba mdogo. Nyie mliinyoa, ikaota ndevu."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. "Mtu akitaka kuua mti anaukata. Haumenyi kama muhogo. Na ukishaumenya unakuachia maiti imesimama. Nani ataiangusha?"

Nikamwambia upepo. Akasema basi upepo nao una diploma. Akaondoka.

Nilikuwa sahihi. Nasema wazi, maana kijijini kwetu hakuna atakayenisemea. Miezi ilipopita, safu ya kwanza ilinyauka, ikapukutisha majani, ikabaki nyeupe kama mifupa ya samaki, na haikuchipua tena. Lakini ile ilikuwa safu ya kwanza tu. Kazi ya kumenya ni ya polepole, na msitu ulikuwa na mteremko mzima nyuma yake, na mbegu ardhini za miaka ambayo sikuwepo. Tulipokuwa tunamaliza kumenya upande huu, upande ule ulikuwa umechanua. Kila asubuhi nilipofungua mlango wa nyuma nilihisi kuna kitu kimepiga hatua nilipokuwa ndani. Nimefanya kazi na mashine kubwa, najua kitu kinachokwenda kwa kelele. Hiki kilikwenda kimya.

Ndipo alipopita jirani yetu, mfugaji wa Kisukuma ambaye wazazi wake walikuja na ng'ombe kutoka kaskazini wakati mimi bado nasoma. Alikuwa anahama. Chini ya mti wa shule nyasi hazioti, na majani yake ng'ombe hawali, kwa hiyo kwake yeye ardhi ile ilikuwa imefungwa kama duka. Alisimama getini, akaniita mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mwanamke kwa heshima, akaniaga vizuri. Kisha akasema lililomleta.

"Mayu, humo ndani kuna nyati dume. Yuko peke yake. Anachechemea, nadhani ana waya wa mtego mguuni."

Nikamuuliza kama amemwona.

"Sijamwona. Ng'ombe wangu wamemwona. Hawataki kupita."

Mtu wa mjini anaweza kudhani simba ndiye wa kuogopwa. Huku kwetu mtoto mdogo anajua kwamba nyati mzee aliyeachwa na kundi, tena mwenye maumivu, ni mbaya kuliko simba. Simba ana shughuli zake. Nyati wa namna hiyo anakusubiri wewe.

Jioni ile nilimwomba mama aache bonde. Nilimwambia kwa upole, halafu kwa hoja, halafu kwa sauti ya mtu anayelipa watu mishahara. Mchele nitanunua, wa Usevya hapo hapo, uliopepetwa, hata chuya hana haja ya kuchambua. Aliendelea kusuka mkeka. Alipozungumza hakunitazama.

"Umekwenda kuyaona majaruba ya wenzangu?"

Nilikuwa nimeyaona. Kingo zake zilishaota miti ya shule, minene kama mkono, na maji hayakuwa yakituama tena.

"Waliacha msimu mmoja tu. Walisema wanapumzika. Jaruba nisipolikanyaga mimi, mti unalikanyaga. Mimi ndiye niliyebaki, mwanangu. Nikipanda huku juu kukaa kwenye kiti chako, bonde limekwisha, na huo msitu hautakuwa na sababu ya kusimama hapo uliposimama. Utakuja kugonga mlango."

Ndivyo nilivyokuwa nawaza mwenyewe kila asubuhi. Tukakubaliana jambo moja. Mpunga ulikuwa unaanza kutoa masuke. Atashuka, lakini tutarudisha kuitana. Jua likichomoza nitasimama uani na kuita, naye ataitika.

Kwa siku kadhaa ilifanya kazi. "Mpooo?" niliita, na sauti yangu ilionekana kuingia kwenye pamba. Nilisubiri. Kisha kutoka chini kabisa, nyembamba kama uzi, ilipanda sauti yake: "Tupooo." Alikuwa peke yake bondeni, lakini aliitika kwa wingi, kama zamani. Nilikwenda kupika chai nikiwa na mikono iliyotulia.

Halafu ikaja asubuhi ambayo hakuitika.

Niliita mara ya kwanza, nikasubiri. Niliita mara ya pili, kwa nguvu zaidi, kama nilivyofundishwa. Ilikuwa asubuhi safi, jua limeshamwagika juu ya maua yote yale, na msitu ulinitazama tu. Niliita mpaka koo likauma. Nikakimbilia kwenye gari, nikashika honi, nikaikandamiza muda mrefu. Honi ya gari langu ni kubwa, niliibadilisha mwenyewe, inasikika mpaka barabarani. Nilipoiachia hakukuwa na kitu. Baba mdogo alikuwa amekwenda Mpanda, na vijana wangu wa kazi hawakuwa wamefika. Nikachukua panga, nikaingia kwenye tundu la mama.

Sikuwahi kupita mle peke yangu. Nje kulikuwa na jua, ndani kulikuwa na kitu kama magharibi. Hakuna nyasi. Udongo umefunikwa majani yaliyooza na maua ya njano yaliyoanguka. Hakukuwa na njiwa, hakukuwa na panzi, hata inzi hakuwepo. Matawi yalianzia kiunoni, yale ya visiki vya baba mdogo, yakanishika sketi kama watu wanaoomba. Nilitembea nikiita, "Mama, mama," na sauti ilifia mbele ya uso wangu. Nilipita kwenye sehemu tuliyokuwa tumeimenya mwanzoni mwa kazi, miti mikavu myeupe. Hapo mwanga uliongezeka kidogo. Ndipo nikaona kitenge chake cha bluu.

Alikuwa amesimama mbele yangu, si mbali, pale njia inapopinda. Amesimama kama mti. Mkono mmoja ameuinua, kiganja kimenielekea. Kwa mkono wa pili alikuwa ameukandamiza ule mfuniko wa sufuria tumboni, jinsi unavyoziba mdomo wa mtoto. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama kichuguu kilichokuwa kati yetu, kando ya njia, chini ya machipukizi.

Nilifungua mdomo nimuulize ana nini. Kichuguu kikatikisa sikio.

Sijui kueleza kilichotokea mwilini mwangu. Watu husema miguu iliisha nguvu. Yangu haikuisha nguvu, ilisahau kwamba ni yangu. Nilimwona vipande vipande, kama anavyoonekana mnyama kwenye msitu ule: pembe iliyovunjika ncha, jicho lenye maji, pua nyeusi iliyolowa. Mguu wa mbele ulikuwa umevimba, na juu ya kwato waya ulikuwa umezama mpaka nyama imeufunika. Alikuwa amelala, lakini kichwa kilikuwa juu, na kilikuwa kimeelekea kwangu, kwenye njia niliyoijia. Hakuwa anamtazama mama hata kidogo. Harufu yake ilikuwa ya zizi na ya kidonda.

Nikakumbuka simu. Ilikuwa mfukoni mwa sketi, simu nzuri, ya bei, na mlio niliouweka ni wa nguvu kwa sababu kwenye kelele za mashine lazima niisikie. Wakati huo wa asubuhi ndipo wateja hupiga. Sikuthubutu kupeleka mkono mfukoni. Nilisimama nikiiomba ile simu, kimya kimya, kama watu wanavyoiomba mizimu, isilie. Ua moja la njano lilidondoka, likatua kwenye paji la yule mnyama, na wala hakupepesa.

Hatukusogea. Sijui ni muda gani. Nilijifunza uso wa mama upya katika muda ule. Alikuwa mzee. Nilimjengea nyumba na sikuwa nimeona kwamba ni mzee. Mkono aliouinua ulianza kutetemeka, taratibu, kisha kwa nguvu, na hakuushusha.

Kilichotutoa si akili yangu. Nyuma yangu, kwenye ile miti niliyoiua, tawi kavu lilikatika lenyewe na kuanguka, likaangukia matawi mengine, likafanya mlio kama wa bunduki. Nyati aliinuka. Sikuamini kwamba kitu kikubwa hivyo kinaweza kuinuka mara moja. Aligeuka, akayumba kwenye ule mguu, akachagua upande, na upande aliouchagua ulipita kando ya mama. Niliona kitenge kikipotea nyuma ya weusi. Kisha nikasikia matawi yakipasuka, yakienda, yakienda kuelekea mtoni, yakafifia.

Mama alikuwa amekaa chini. Mfuniko ulikuwa umetupwa mbali, umekunjika katikati. Bega lake lilikuwa na michubuko ya matawi, kilemba kimetoka. Nilimpapasa mwili mzima kama anavyopapaswa mtoto aliyeanguka kutoka juu ya paa, nikimuuliza wapi, wapi. Akanishika mkono kuuzuia.

"Kwa nini uliita?" alisema.

"Hukuitika."

"Sikuitika kwa sababu alikuwa hapo, nilishampita gizani ndipo nikamwona. Ulipoita mara ya kwanza aliacha kucheua. Ulipoita ya pili akainua kichwa. Ulipopiga hiyo honi yako akageukia njia, akawa anakungoja wewe. Mimi alishanisahau. Ningeweza kurudi nyuma polepole mpaka bondeni. Lakini nilisikia unakuja."

Nilimwambia ndivyo walivyotufundisha, mtu asipoitika unaongeza sauti. Alijifunga kilemba.

"Wakati ule tulikuwa tunaonana," alisema. "Sasa nisipoitika, ama nimekufa ama nina sababu. Hakuna hata kimoja kinachohitaji kelele zako."

Tulipanda nyumbani tumeshikana. Simu yangu iliita tulipofika uani. Nilikuwa naitazama inavyolia na sikuweza kuipokea.

Askari wa wanyamapori walikuja, watu wazuri, wakafuata nyayo mpaka mtoni zikaishia majini. Walisema atarudi au hatarudi. Walisema tusiingie humo. Mama aliwapa karanga, akawashukuru, na keshokutwa yake alishuka bondeni. Baba mdogo alipata habari. Alikuja asubuhi na panga lake mwenyewe, akaanza kumenya mti, vibaya, anaacha vipande vya gamba kwenye mizizi. Nilipomsogelea alisema bila kugeuka, "Usinifundishe. Naivua tu." Nikamwacha. Baadaye nilipita nyuma yake na kumalizia vipande alivyoacha, naye alijifanya haoni. Anakuja mpaka leo. Tumesogea mbele kiasi, na nikisimama uani naweza kuona shina la pale njia inapopinda. Lakini mwaka huu maua yamefika upande wa pili wa barabara, kwenye mashamba ya watu ambao bado wanayaita mazuri.

Mpunga uko kwenye masuke tena. Jua likichomoza nasimama pale pale na kuita, mara moja, bila kuvuta sauti sana. Kisha nafunga mdomo. Siku nyingi anaitika, "Tupooo," kwa wingi wake ule ule, na maisha yanaendelea. Lakini kuna asubuhi sauti haipandi. Huenda ni upepo. Huenda msitu umeimeza. Huenda ana sababu. Mimi niliyewajibu wakaguzi, ninayeamrisha wanaume na mashine, siruhusiwi kuita mara ya pili. Nashika nguzo ya geti na kutazama juu ya vilele vya njano, mahali bonde lilipo, nikisubiri kundi la kweleakwelea liruke. Wakiruka wote kwa pamoja, kama moshi, ina maana kuna mtu chini amewafukuza.

Leo wameruka. Nimevuta pumzi, nimeingia ndani kuweka maji ya chai. Halafu nimesimama na birika mkononi, kwa sababu nimekumbuka kwamba ndege huruka hata kwa nyati.